Isimu matumizi au isimu ya nadharia? Ulinganisho kwa anayechagua shahada ya kwanza

Mgeni anayejifunza Kiswahili anasema, "Rafiki wangu amefika." Amekosea. Sisi tuliokulia ndani ya lugha tunasema "rafiki yangu", na wengi wetu hatujawahi kujiuliza kwa nini. Lakini litazame kosa lenyewe. Mtu huyu ameshazoea mtoto wangu, mgeni wangu, mwalimu wangu, daktari wangu. Ameona kwamba binadamu huandamana na "wangu", na kwa kuwa rafiki naye ni binadamu, akampa kile alichoona ni haki yake. Hakukosea kwa uvivu. Aliifuata kanuni kwa uaminifu kutuzidi sisi wenyewe.

Ishike sentensi hiyo moja. Ukiipeleka kwenye idara nne za chuo kikuu itapokelewa kwa namna nne, na ndani ya namna hizo mna karibu kila unachohitaji ili kuchagua.

Mwanaisimu wa nadharia, yaani mchunguzi wa namna lugha zilivyojengeka, atavutwa na upande wetu kuliko upande wa mgeni. Tunasema "rafiki yangu mzuri amefika". Kimilikishi, yaani "yangu", kinafuata umbo la nomino, ngeli ya 9, kama katika nyumba yangu. Kivumishi na kitenzi vinafuata uhai, kama katika mtoto mzuri amefika. Nomino moja, sentensi moja, upatanisho wa aina mbili! Imekuwaje kimilikishi kikabaki nyuma? Kwa nini baba yangu na jirani yangu, lakini mjomba wangu na mke wangu? Lugha nyingine za Kibantu zinafanyaje? Na hali hii inatueleza nini kuhusu namna akili ya binadamu inavyohifadhi sarufi?

Mwanaisimu matumizi, anayeshughulikia matatizo ya lugha katika maisha ya watu, ataanza na mgeni. Je, wanaojifunza Kiswahili wengi hupitia kosa hili, au ni lake peke yake? Huja mapema au baada ya kanuni ya uhai kukomaa? Akisahihishwa papo hapo hubadilika, au huitikia kwa kichwa kisha kesho akarudia? Na mtihani umkate alama kwa kosa ambalo halikumzuia yeyote kumwelewa?

Mwanafunzi wa ualimu wa lugha ataanza na kesho asubuhi: nitafanya zoezi gani darasani ili waisikie "rafiki yangu" mara nyingi bila kuchoka? Anayesomea tafsiri hatauliza kitu. Ataandika "rafiki yangu" na kuendelea na aya inayofuata, kwa sababu mzigo wake uko kwingine.

Tofauti ya shahada hizi basi iko kwenye swali linalokuamsha. Zote zinashughulikia lugha, na zote zina vitabu vinavyofanana rafuni. Nimesoma nadharia kwanza na matumizi baadaye, nikazipenda zote mbili kwa sababu tofauti, na ninapoandika hapa nina upande wangu ambao sitauficha.

Jina linalopotosha

Wengi husikia neno "matumizi" wakadhani ni isimu iliyopunguzwa makali, kwa ajili ya walioshindwa na michoro matawi ya sintaksia, yaani ya muundo wa sentensi. Wengine hudhani kinyume chake, kwamba nadharia ni anasa ya wasomi na matumizi ndiko kuliko na ajira. Dhana hizi zimeingiza vijana wengi kwenye shahada isiyowafaa.

Henry Widdowson, mwanaisimu matumizi wa Uingereza, alisaidia kuliweka jambo hili wazi alipotenganisha vitu viwili vinavyosikika kama kimoja. Kuna kuitumia isimu, yaani kuchukua nadharia iliyokwisha kutengenezwa na kuipachika juu ya tatizo. Na kuna isimu matumizi, ambayo huanza na tatizo lenyewe, kisha hutafuta msaada popote unapopatikana: kwenye isimu, saikolojia, sosholojia, elimu, takwimu. Katika njia ya kwanza nadharia ndiyo inayoamua nini kihesabiwe kuwa tatizo. Katika ya pili mwenye tatizo ndiye anayeamua.

Historia ya fani hii inaonyesha kwa nini utengano huo ulihitajika. Katika miaka ya 1940, Charles Fries na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan, ambako taasisi ya kufundisha Kiingereza ilifunguliwa mwaka 1941, waliamini kwamba ukiichambua lugha vizuri utajua namna ya kuifundisha. Jarida lao la *Language Learning*, lililoanza mwaka 1948, lilibeba maneno "isimu matumizi" kwenye jina lake dogo. Mwaka 1957 Robert Lado akatoa hoja iliyotawala kwa miaka: linganisha lugha ya kwanza ya mwanafunzi na lugha anayojifunza, na pale zinapotofautiana ndipo atakapokwama. Hoja safi, yenye kuvutia.

Sasa irudie sentensi yetu. "Rafiki wangu" haitokani na lugha ya mgeni. Mtu wa lugha yoyote anaweza kuitamka, kwa sababu kosa limezaliwa ndani ya Kiswahili chenyewe, kutokana na kanuni ambayo mwanafunzi ameielewa vizuri na kuivusha mipaka. Walimu walikuwa wakikutana na makosa ya namna hii kila siku, na ulinganisho wa lugha mbili haukuwa na la kusema juu yake. Pit Corder, aliyekuwa Edinburgh, ndiye aliyeandika mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi: yanatuonyesha mfumo alioujenga kichwani kwa wakati huo. Miaka mitano baadaye Larry Selinker aliupa mfumo huo jina, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita lugha-kati, lugha ambayo si ile ya kwanza na bado si ile inayolengwa, lakini ina kanuni zake.

Sipendi hadithi hii isimuliwe kana kwamba matumizi yaliishinda nadharia. Corder aliegemea wazo ambalo mwanaisimu wa nadharia Noam Chomsky alikuwa amelipigania, hasa katika uhakiki wake wa mwaka 1959 dhidi ya mwanasaikolojia B. F. Skinner: kwamba mtoto hajifunzi lugha kwa kukariri mazoea, bali huijenga sarufi. Bila wazo hilo kosa lingeendelea kuonekana kuwa uchafu wa kufutwa. Na njia ilikwenda pande zote mbili. Dell Hymes, mwanaanthropolojia wa lugha, alipokuwa akifikiria watoto waliokuwa wakihesabiwa kuwa na upungufu wa lugha shuleni, aliona kwamba umilisi wa Chomsky, ule wa kuijua sarufi tu, haumtoshi mtu anayeishi na watu. Mtu anajua pia aseme lini, na nani, na wakati gani anyamaze. Umilisi wa mawasiliano ulizaliwa hapo, ukabadilisha ufundishaji wa lugha duniani.

Unachokikuta mezani

Mwaka wa kwanza hautakuonyesha tofauti kubwa. Fonetiki na fonolojia (sauti), mofolojia (maumbo ya maneno), sintaksia, semantiki (maana): programu nzuri ya isimu matumizi inakulazimisha kuyapitia yote, na kama hailazimishi, hilo ni doa nitakalolirudia.

Kuanzia mwaka wa pili njia zinaachana. Kwenye isimu ya nadharia unapewa karatasi yenye sentensi ishirini za lugha ambayo hujawahi kuisikia, na unaambiwa utafute kanuni. Hakuna wa kumuuliza. Unakaa na viambishi, unajaribu dhana, inavunjika kwenye sentensi ya kumi na saba, unaanza upya. Saa moja baadaye kila kitu kinakaa mahali pake, na furaha ya dakika ile siwezi kuilinganisha na nyingine niliyoipata darasani. Utasoma mantiki, utasoma namna lugha zinavyobadilika kwa karne, utajifunza kukusanya data kwa wazungumzaji wa lugha ambazo hazijaandikwa. Namba za ngeli unazozikuta hadi leo kwenye vitabu vya isimu ya Kibantu zilitoka kwa wanaisimu Wilhelm Bleek na Carl Meinhof, kazi iliyoanza katika karne ya 19, na huenda ukajikuta ukibishana nao kana kwamba wako chumbani.

Kwenye isimu matumizi data yako ina uso. Unarekodi watu wakizungumza, kwa ridhaa yao iliyoandikwa, kisha unanukuu kila kitu: kusita, kurudia, kukatizana, kicheko, ukimya wa sekunde mbili. Dakika kumi za sauti zinaweza kukumeza siku nzima. Mwanzoni kazi hii inachosha sana, baadaye unaanza kusikia mambo ambayo watu hawajui kwamba wanayafanya. Unaona jinsi daktari anavyouliza "una swali lingine?" huku akiwa tayari amesimama, na mgonjwa anajibu "hapana". Hakuna kanuni ya sarufi iliyovunjwa, na mawasiliano yamevunjika.

Pamoja na unukuzi utakutana na ujifunzaji wa lugha ya pili, upimaji wa lugha, isimujamii, uchanganuzi wa mazungumzo, sera za lugha, na kopasi, yaani hazina kubwa za matini zilizokusanywa ili zichunguzwe kwa kompyuta. Kopasi ya taifa ya Kiingereza cha Uingereza, iliyokamilika mwaka 1994, ina maneno milioni 100. Na utakutana na takwimu. Hili wanafunzi wengi hawaambiwi mapema. Ukitaka kudai kwamba darasa lililosahihishwa limeendelea kuliko lisilosahihishwa, lazima uonyeshe kwamba tofauti hiyo haikuja kwa bahati. Mtu aliyekimbilia lugha ili aziepuke hesabu atazikuta huku zikimsubiri, na kwa kweli atazikuta nyingi kuliko kwa jirani yake wa nadharia, ambaye mzigo wake ni mantiki.

Kuna na tofauti ya namna ya kukosea. Katika nadharia hoja mbovu inavunjwa na mfano mmoja unaoipinga, mara nyingi mbele ya darasa zima, na unaijenga upya jioni hiyo hiyo. Katika matumizi unaweza kukusanya data kwa miezi miwili ndipo ugundue kwamba hojaji yako iliuliza swali ambalo watu walilielewa kwa namna mbili. Kama huna subira na watu, fikiria sana.

Mahali ambapo matumizi huonyesha uzito wake

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca namba 52 kutoka Kolombia ilizunguka angani ikisubiri kutua New York mpaka mafuta yakaisha. Ilianguka, na watu 73 kati ya 158 waliokuwamo wakafa. Rubani msaidizi aliwaambia waongoza ndege kwamba mafuta yanawaishia. Hakulitamka neno la hatari ambalo lingewapa haki ya kutua mara moja. Tatizo halikuwa sarufi. Kilichokosekana ni uzito: namna msemaji anavyolibeba jambo kwenye lugha ya pili, akiwa chini ya shinikizo, mbele ya watu wenye mamlaka, ambao nao walizisikia sauti za marubani wengi usiku huo.

Mchambuzi wa sintaksia hana chombo cha kulishika tatizo hili, na hatulaumu sintaksia kwa hilo, kama vile hatuilaumu darubini kwa kutopima joto. Ni tatizo la isimu matumizi tangu mwanzo hadi mwisho. Leo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lina kipimo cha ngazi 6 za umilisi wa lugha kwa marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa, na ngazi ya 4 ndiyo ya chini inayokubalika kwa kazi hiyo, takwa lililoanza kutumika mwaka 2008. Nyuma ya kipimo kama hicho kuna maswali ambayo mtu lazima ayajibu. Ngazi ya 4 maana yake nini hasa? Watahini wawili wakimsikiliza rubani mmoja watampa alama ileile? Mtihani unapima Kiingereza chake, au unapima ujasiri wake wa kuongea na mtahini?

Mfano wangu wa pili unatoka mahakamani. Derek Bentley alinyongwa Uingereza mwaka 1953 kwa mauaji ya polisi, na sehemu ya ushahidi dhidi yake ilikuwa maelezo ambayo polisi walidai ni maneno yake mwenyewe, yaliyoandikwa kama alivyoyatamka. Miongo mingi baadaye mwanaisimu Malcolm Coulthard aliyachunguza. Katika maneno 582 ya maelezo hayo, neno la Kiingereza lenye maana ya "kisha" linatokea mara 10, nalo mara kwa mara likikaa baada ya kiwakilishi cha "mimi" badala ya kabla yake. Coulthard alilinganisha na kopasi ya mazungumzo ya kawaida na maelezo ya mashahidi wengine, halafu na maandishi ya polisi. Mtindo huo ulikuwa wa polisi. Hukumu ya Bentley ilibatilishwa mwaka 1998, miaka 45 baada ya kifo chake, kwa sababu kadhaa, na uchambuzi wa lugha ulikuwa miongoni mwa hoja zilizopelekwa.

Angalia kilichohitajika pale. Ujuzi wa sarufi wa kuona kwamba mahali pa neno dogo pana maana. Kopasi ya kuonyesha kwamba tofauti hiyo ni ya kweli. Hesabu. Na moyo wa kuamini kwamba neno "kisha" linaweza kumsafisha mtu aliyekwisha kuzikwa. Ninapoulizwa kwa nini naona isimu matumizi ni kazi ya heshima, hujibu kwa mfano huu.

Mitihani ya lugha haina msisimko wa mahakama, ila inawagusa watu wengi zaidi. Tangu Baraza la Ulaya litoe mwaka 2001 mfumo wake wa ngazi 6, kutoka A1 hadi C2, herufi na namba hizo zimekuwa zikiamua nani aingie chuoni, nani apate kibali, nani aajiriwe. Mtihani pia huivuta shule nyuma yake. Usipopima kuzungumza, walimu wataacha kufundisha kuzungumza, hata kama mtaala umeandika kurasa kumi juu ya umuhimu wa mazungumzo. Anayejua kutunga mtihani mzuri anabadilisha maelfu ya madarasa ambayo hatayatembelea kamwe.

Mahali ambapo nadharia haina mbadala

Kama kinachokunyima usingizi ni kwa nini lugha zipo kama zilivyo, usijidanganye kwamba isimu matumizi itakushibisha. Hutapata huko nafasi ya kukaa muhula mzima na toni za lugha moja, au kufuatilia namna sauti moja ya kale ilivyogawanyika katika lugha mia. Kuna takribani lugha 7,000 duniani, nyingi hazina hata sarufi moja iliyoandikwa kwa ukamilifu, na anayeweza kuzielezea ipasavyo ni mtu aliyefunzwa nadharia na mbinu za uwandani kwa kina. Kamusi nzuri pia hujengwa na mikono ya namna hiyo.

Teknolojia ya lugha nayo, ambayo vijana wengi huiweka upande wa matumizi kwa sababu inaonekana ya vitendo, huwaelekea zaidi waliobobea kwenye muundo na wanaojua kuandika programu. Kompyuta inayoshughulikia kitenzi kama "hatutawapelekea" hufaidika na mtu anayejua kukipasua: ha-tu-ta-wa-pelek-e-a. Aliyepita juujuu ya mofolojia hatafika mbali.

Jambo jingine ni kwamba nadharia hubebeka kwa urahisi. Mwenye shahada ya kwanza ya isimu anaweza kuingia uzamili wa isimu matumizi, na anakaribishwa kwa mikono miwili. Kurudi kinyume chake ni kugumu, hasa kama programu yako ya matumizi ilikuwa nyepesi kwenye sintaksia na fonolojia. Hata Edinburgh, ambako katika miaka ya 1950 ilifunguliwa idara ya kwanza ya isimu matumizi nchini Uingereza, ilianza kwa wanafunzi wa baada ya shahada, watu waliokuwa tayari wamefundisha na kukwama mahali.

Majirani watatu, kwa ufupi

Kama unajua tayari kwamba unataka kusimama mbele ya darasa, na nchi yako inadai leseni ya ualimu, soma ualimu wa lugha. Isimu matumizi peke yake mara nyingi haikupi leseni hiyo, na nimewaona wahitimu wakirudi kuitafuta kwa mwaka mwingine mzima. Unaweza kuongeza isimu matumizi baadaye, ukiwa na maswali yaliyotoka kwa wanafunzi wako mwenyewe, na hapo utaisoma kwa macho mengine kabisa.

Tafsiri na ukalimani ni ufundi. Hukomaa kwa mazoezi ya kila siku, saa kwa saa, na lugha mbili unazozimiliki kweli. Nadharia ya isimu humsaidia mfasiri kiasi, haimtengenezi.

Tiba ya usemi watu huichanganya na isimu matumizi. Ni taaluma ya afya yenye mafunzo na leseni yake. Kama ndiyo unayoitaka, nenda huko moja kwa moja.

Kuhusu ajira, bila kupamba

Ni matangazo machache sana ya kazi yanayoandika "anatafutwa mwanaisimu", wa aina yoyote ile. Shahada ya kwanza ya isimu matumizi hufungua kufundisha lugha kwa watu wazima, kazi za uchapishaji na utungaji wa vitabu vya kiada, mashirika yanayoshughulikia elimu au wakimbizi, vitengo vya mawasiliano, na ngazi za chini za taasisi za mitihani. Shahada ya nadharia hufungua uhariri, kamusi, kazi za data za lugha, na njia ya uzamili. Kazi zile zinazovutia kwenye simulizi, kama kutoa ushahidi mahakamani, kutafiti mitihani au kushauri sera ya lugha ya kufundishia, karibu zote hudai uzamili na mara nyingi uzamivu. Anayekuahidi vingine anakuuzia kiti.

Kinachotofautisha wahitimu wa fani hizi, kwa nilivyoona, ni kitu cha pili walichobeba pamoja na isimu. Takwimu, au programu, au lugha ya tatu waliyoijua kweli, au miaka miwili ya kufundisha. Aliyemaliza na isimu tupu, ya upande wowote, huhangaika zaidi.

Ningechagua vipi

Hukumu yangu ni hii. Kama una tatizo la lugha ambalo umeshaliona kwa macho yako, mtoto anayefundishwa kwa lugha asiyoijua, mzee asiyeelewa alichoambiwa hospitalini, mtihani uliomwonea mtu unayemjua, chukua isimu matumizi sasa. Hamu hiyo itakubeba kwenye unukuzi na takwimu. Kama unazipenda lugha tu, bila tatizo mahususi, anza na isimu ya nadharia, na uache matumizi yaje kwenye uzamili. Kuanza na matumizi bila tatizo kunazaa tasnifu zinazouliza watu "je, una maoni gani kuhusu lugha?" kwa kurasa themanini.

Hukumu hiyo inabadilika ukikuta idara dhaifu, kwa hiyo ichunguze idara kuliko jina lake. Katika vyuo vingine "isimu matumizi" ni jina tu la ufundishaji wa Kiingereza. Kwingine ni fani pana yenye mahakama, hospitali, sera na teknolojia. Omba orodha kamili ya kozi na utazame kama fonetiki, sintaksia, mbinu za utafiti na takwimu ni za lazima au za hiari. Zikiwa zote ni za hiari, ondoka. Omba kuona vichwa vya tasnifu za miaka ya karibuni, kwa sababu huko ndiko idara husema ukweli kuhusu inachokipenda. Uliza wahadhiri wanakusanya data ya aina gani sasa hivi, wiki hii. Mtu anayefanya kazi kweli ataanza kukusimulia kabla hujamaliza swali. Uliza pia kama kuna mafunzo ya vitendo, na wapi.

Na kabla ya kujaza fomu, fanya zoezi moja. Waombe ruhusa watu wawili wanaozungumza, warekodi kwa dakika tano, kisha kaa uyanukuu mazungumzo yao yote kama yalivyo, pamoja na "aah", kusita na maneno yaliyokatwa katikati. Itakuchukua saa kadhaa. Ukimaliza, andika maswali yote yaliyokujia kichwani bila kuyachuja. Halafu yasome. Yakiwa mengi ni ya aina ya "kwa nini hapa ametumia kiambishi hiki na pale kile", umeshajua mlango wako. Yakiwa ni "kwa nini alimkatiza", "je, yule alielewa", "angesemaje ili asikike", mlango wako ni ule mwingine. Na kama ulishindwa kumaliza unukuzi kwa kuchoka, usiharakishe kujihukumu. Jaribu tena siku nyingine kwa mazungumzo ya watu ambao yanayowapata yanakugusa.